Rangi Isiyopakwa Mara ya Pili



Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliwataka wenye majengo ya katikati ya mji wayapake rangi nyeupe, na kwenye kingo watie buluu. Kama ulikuwa Mombasa siku zile, kelele zake bado wazikumbuka. Wako waliosema alhamdulillahi, mji sasa utakuwa na sura moja badala ya viraka. Wako waliouliza: na rangi anunua nani? Na wako waliokuwa wamekodisha kuta zao kwa matangazo, jengo zima limegeuzwa bango toka juu hadi chini, wakaona riziki yao inafutwa kwa brashi. Leo shuka Moi Avenue kutoka Mapembeni kuelekea Digo Road, utaona nyeupe ile imepigwa na moshi wa matatu na tuktuk, na buluu imebambuka hapa na pale. Haidhuru. Ukuta ni ukuta. Ndoo mbili za rangi, ngazi, kijana mmoja mwenye brashi, na mambo yamekuwa mapya.

Mimi leo nataka kusema habari ya kitu kisichokuwa na msamaha huo: mbao za plastiki. Yaani zile mbao na nguzo zinazotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa, ikasagwa, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Watu wanazitia kwenye uzio, kwenye viti vya nje, kwenye kingo za matuta ya bustani, kwenye vijia vya kupitia juu ya matope ya mikoko. Nami nazipenda, nisikufiche. Mchwa hazili. Maji ya chumvi hayazitishi. Ila zina sharti moja ambalo watu hulipuuza hadi wamekwisha lipa: rangi yake haipakwi, hupikwa nayo. Plastiki nyingi ya mbao hizi ni politheni, na politheni haishikani na rangi ya kopo. Ukiipaka leo yang'aa, baada ya miezi michache inachunika vipande vipande. Kwa hivyo rangi utakayoichagua siku ya kununua ndiyo utakayokaa nayo miaka ishirini. Yataka utulie.

Na jambo lenyewe si la kigeni tena hapa kwetu. Nairobi yuko Lorna Rutto, aliyeiacha kazi ya benki akaanzisha EcoPost, kampuni inayogeuza taka za plastiki kuwa nguzo za uzio. Mwaka 2011 akapata tuzo ya kimataifa ya Cartier ya wanawake wajasiriamali. Pwani tuna Flipflopi. Ile ni jahazi ya mita 9 iliyoundwa Lamu na kundi la mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, mtu wa uundaji wa majahazi, kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na ubavuni ikavishwa vipande vya ndara kama 30,000. Iliingia majini Septemba 2018, na Januari 2019 ikafunga safari kutoka Lamu hadi Zanzibar kwa upepo wa kaskazi, kiasi cha kilomita 500, ikipita na hapa Mombasa. Baadaye mradi huo ukaanza kukusanya na kuchakata plastiki Lamu kwenyewe na kutengeneza samani.

Ukiitazama picha ya jahazi ile, jicho linavutwa na rangi: nyekundu, manjano, waridi, samawati, kila ndara na ya kwake. Ilipendeza, na ilistahiki, kwa sababu chombo kile kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Kilitaka watu wa Kipini na Malindi na Kilifi wakimbilie ufuoni waulize, hiki ni kitu gani? Lakini kiti cha barazani hakina haja ya kupiga kelele. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi ambao, wakisikia plastiki iliyookotwa, mara moja wanataka kila ubao uwe na rangi ya peremende. Wanasema watoto watafurahi. Watoto watafurahi wiki moja. Baada ya hapo jua linaanza kazi yake.

Sasa tuliseme jua, maana Mombasa hakuna mjadala wa rangi za nje usiokuwa na jua ndani yake. Sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini barabara mara mbili kwa mwaka, mara moja mnamo wiki ya pili ya Machi, na mara ya pili mwanzo wa Oktoba. Siku hizo saa sita na nusu mchana simama pale uwanjani Makadara, kivuli chako utakikanyaga. Mwanga ule una miale isiyoonekana, na miale hiyo ndiyo adui wa plastiki. Inakata minyororo ya ndani ya plastiki mmoja mmoja, hadi uso wake unakauka na kuwa mwepesi kuvunjika.

Ushahidi uko juu ya mapaa ya mji mzima. Tafuta mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia uliosahaulika juu ya dari kwa miaka kadhaa. Manjano imekuwa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Upitishe kidole: utabaki na poda. Uinue kwa mkono wake: mkono unabaki kiganjani na mtungi unabaki chini. Halafu tazama tangi jeusi la maji lililo karibu yake, pengine la umri huo huo. Limepauka kidogo, lakini gumu, na maji limeyashika. Vyote viwili ni plastiki ya jamii moja. Tofauti kubwa ni kilichotiwa ndani: tangi lina kaboni nyeusi, masizi laini kabisa yanayoimeza miale ile kabla haijazama ndani. Mabomba meusi ya maji yanayofukiwa mitaani hutiwa masizi hayo kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5 tu, na kiasi hicho kidogo kinatosha kuyalinda yakikaa nje. Rangi hapa ni ngao.

Basi mtu atasema, mambo yamekwisha, tununue nyeusi. Ngoja.

Nilikaa na fundi mmoja mtu mzima, wa upande wa Kibokoni, aliyefanya kazi ya mbao maisha yake yote na sasa vijana wanamletea hizi za plastiki. Nikamwambia, "Ami, nyeusi ndiyo inayodumu zaidi."

Akacheka. "Yadumu, mwanangu. Lakini saa nane ya mchana nani ataikalia?"

Nikamwambia mchana watu watakaa kivulini.

"Na yenyewe mbao itakaa kivulini?" akaniuliza. "Mbao hii ina ukaidi. Alfajiri imelala, mchana yatembea. Niliifunga sawasawa, skurubu zimekaza. Kurudi baada ya Dhuhuri, imejipinda mgongo, imeng'oa skurubu mbili."

Hesabu yake haina uganga. Politheni hurefuka takriban milimita 0.1 hadi 0.2 kwa kila mita, kila joto linapopanda nyuzi moja. Chukua ubao wa mita 3. Alfajiri uko nyuzi 25. Saa nane mchana, kama ni mweusi na umelala wazi, unaweza kufika nyuzi 60. Hapo katikati pana nyuzi 35. Kwa kipimo cha chini kabisa ubao huo umerefuka milimita 10 na nusu, yaani sentimita nzima na ziada. Kwa kipimo cha juu, maradufu ya hapo. Ubao huo huo ukiwa wa rangi ya mchanga, ukaishia nyuzi 45, umerefuka milimita 6 kwa kipimo kile cha chini. Ukiubana ncha zote mbili, utatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni juu. Kwa hivyo rangi inaingia hata kwenye kazi ya keekee: ukichagua nyeusi, acha nafasi pana zaidi baina ya ncha, na matundu ya skurubu yawe marefu kidogo ili ubao uteleze. Ami sasa anatoboa matundu marefu kwa mbao zote, za rangi yoyote. Skurubu zenyewe ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa bahari hapa hula chuma cha kawaida huku watazama.

Na joto la kitu cha kukaliwa si jambo dogo. Nyuzi 60 kwenye paja la mtoto mwenye kaptura ni kuungua. Tangu ufukwe wa Mama Ngina utengenezwe upya na kufunguliwa mwaka 2019, jioni pale hapana nafasi: kachiri, mihogo ya kuchoma, madafu, watoto juu ya kila kitu. Jioni hiyo huanza saa tisa, jua bado kali. Mimi nasema kitu chochote cha kukaliwa au cha kukanyagwa kwa miguu mitupu, kikiwa nje ya kivuli katika kisiwa hiki, kisiwe cheusi. Hiyo kwangu imekwisha.

Nyeusi ina mahali pake, na mahali pake ni pengi: nguzo zinazozikwa, fremu za chini zisizoguswa, vigingi vya ufukweni vinavyofunikwa na maji yakijaa na kuachwa yakipwa. Huko hakuna atakayekaa, na ile ngao yake unaitaka kweli. Nguzo za namna hii huko nyuma zilikuwa boriti za mikoko. Mji huu umesimama juu ya boriti; dari za nyumba nyingi za Mji wa Kale ndizo hizo. Lakini Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ingawa amri ile baadaye ililegezwa, mtu mwenye akili haoni sababu ya kuzika mkoko mzima kwenye matope ili uoze, hali nguzo ya plastiki nyeusi ipo.

Kuna jambo jingine kuhusu nyeusi ambalo wauzaji hawalitangazi. Nyeusi husitiri. Plastiki ya kila aina ikichanganywa, mitungi, vifuniko, beseni lililopasuka, kiti kilichovunjika mguu, ikayeyushwa pamoja, inatoka uji wa rangi ya kijivu chafu au kahawia isiyoeleweka. Ukiutia masizi, umekuwa mweusi safi, na hapana anayejua mlikuwa na nini. Pengine mlikuwa na plastiki nzuri. Pengine mlikuwa na maganda ya televisheni za zamani, ambayo baadhi yake yalitiwa dawa za kuzuia moto zisizofaa kuguswaguswa. Ubao wa rangi hafifu hauwezi kusema uwongo kama huo. Kuongeza weusi ni rahisi. Kuurudisha weupe haiwezekani. Ukiona ubao wa rangi ya maziwa au ya mchanga, ujue kuna mtu alikaa akatenga: nyeupe huku, buluu kule, manjano pale.

Na kazi hiyo ya kutenga ndiyo bei yenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, inayookotwa sana mitaani kwetu ni plastiki ngumu na chupa. Waokotaji wanajua thamani ya rangi kuliko mimi na wewe. Mtungi mweupe na chupa ya maziwa vina mnunuzi wa haraka, kwa sababu plastiki nyeupe yaweza kugeuzwa rangi yoyote. Pipa la buluu, lile ambalo nusu ya Mombasa huwekea maji ya siku mfereji ukikauka, nalo lina heshima yake. Mchanganyiko wa rangi ndio unaopigwa bei ya chini. Basi unapomwambia mwenye kiwanda wataka mbao za rangi hafifu, usishangae akikutajia bei ya juu. Walipwa vidole vya watu. Ukipunguziwa sana, uliza kimepunguzwa nini.

Lipo shauri ambalo napenda watu walifikirie zaidi: badala ya kuanza na rangi uitakayo, anza na rangi iliyoko. Hapa Mombasa buluu ya mapipa ipo, manjano ya mitungi ipo kwa wingi kupita kiasi, kijani na nyekundu za kreti zipo. Katika hizo, buluu na kijani mara nyingi hustahimili jua vizuri, kwa sababu rangi zinazotumiwa sana kuzitengeneza ni za jamii ngumu. Nyekundu na manjano ndizo zenye mashaka. Nyingi zake hupauka upesi. Na kreti za zamani za manjano, nyekundu na chungwa ziliwahi kutiwa rangi zenye risasi na kadimiamu. Ubao uliotokana na kreti ambazo hujui umri wake, usiupeleke kwenye bembea ya watoto. Uzio wa mbuzi, sawa.

Wataka wekundu lazima? Basi chukua damu ya mzee. Ile hupatikana kwa oksidi ya chuma, kwa maneno mengine kutu, na ndiyo iliyotiwa kwenye zile sakafu za saruji nyekundu za nyumba za bibi zetu, zilizosuguliwa hadi ukijitazama wajiona. Kutu haiogopi jua. Chuma kimekwisha kuungua. Kahawia, hudhurungi, rangi ya udongo na manjano iliyokoza ya mchanga, nazo hupatikana kwa oksidi za chuma za jamii hiyo. Hizi ni rangi za kutegemewa, na ni nadra kuona mtu akizijutia.

Sasa tuingie Mji wa Kale, maana hapa lazima mtu aseme kwa adabu zaidi. Mji wa Kale umewekwa chini ya ulinzi wa sheria kama eneo la uhifadhi tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na una Ofisi yake ya Uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Ngome ya Yesu imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Ukitaka kuweka benchi mbele ya nyumba yako Ndia Kuu au kufunga uzio upande wa Mlango wa Papa, pita kwanza kwa watu wa uhifadhi. Watakuuliza kuhusu rangi, na wana haki.

Mimi nakwambia nionavyo nikipita mle. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na chokaa ikizeeka haibaki nyeupe. Inakuwa rangi ya maziwa, ya ganda la yai, ya mchanga wa pwani wakati wa machweo. Roshani za mbao ni kahawia, nyingine kijani, chache buluu. Milango ya msaji imekolea mafuta na mikono ya watu. Msikiti wa Mandhry, uliosimama tangu mwaka 1570, una weupe wake ulio mtulivu. Katika mtaa kama huo ubao wa plastiki unaofaa ni ule unaokaa kimya: kijivu cha matumbawe, au rangi ya mchanga. Kijani cha roshani kinakubalika kwa uzio wa bustani ya ndani.

Kisichokubalika, kwa hukumu yangu, ni ubao wa plastiki unaojifanya mti. Siku hizi zipo zenye rangi ya msaji na mistari iliyochorwa ya kuiga nyuzi za mbao. Upeleke ubao huo kijiji cha kitalii, sina neno. Lakini uuweke chini ya mlango uliochongwa na mkono wa mtu, mawaridi na minyororo na tende, kisha uniambie mtazamaji haoni aibu. Plastiki iwe plastiki. Iwe na kijivu chake na madoa yake, yanayotokana na vifuniko ambavyo havikuyeyuka sawasawa. Mimi madoa yale huyapenda. Yanasema ubao ulikuwa nini kabla ya kuwa ubao.

Kuna wale watakaoleta hoja ya 2018: kwa nini tusifanye mabenchi nayo meupe na buluu, yafuate mji? Buluu nimekwisha kusema haina ubaya. Nyeupe ina mawili. Kwanza, ili idumu juani yataka dioksidi ya titani iliyo nzuri na dawa ya kukinga miale, na vyote viwili vina gharama. Ikitiwa nusu nusu, uso unaanza kutoa poda. Pili ni kunguru. Nisameheni, lakini huwezi kupanga rangi za kiti cha nje katika kisiwa cha Mombasa bila kumuuliza kunguru. Akichafua benchi jeusi, laonekana toka ng'ambo ya barabara. Akichafua jeupe, wakalia bila kujua, na hiyo ni shari zaidi. Na kabla ya kunguru kuna binadamu. Mahali pa kahawa chungu panadondoka kahawa. Mahali pa wazee panatemwa tambuu. Wakati wa masika, benchi jeupe lililo upande usiopata jua linaota kuvu ya kijani kabla Juni haijaisha. Kijivu na mchanga husamehe mengi ya hayo. Na pale penye watafunaji tambuu hasa, mama mmoja alinipa shauri ambalo sijapata kulipinga: "Pale wawekee damu ya mzee, mwanangu, wateme mpaka wachoke."

Mahali pamoja tu ndipo ninapotaka weupe bila mjadala, na ni kwenye kingo za ngazi. Gatini, kwenye vidaraja, mahali pa kushukia mashuani. Stima hukatika, na mvuvi anayepanda saa kumi ya usiku na kikapu kichwani anahitaji kuona mwisho wa kidato. Ubao mwembamba mweupe, upana wa vidole vinne, ulioungwa kwenye ukingo wa kidato cha kijivu, unatosha. Ukichafuka, husuguliwa kwa brashi na sabuni, ni mfupi.

Pengine wewe msikilizaji wasema, huyu leo ametushikilia rangi tu kana kwamba ni nikaha. Nimeshikilia kwa sababu hii. Ubao wa plastiki uliokosa ngao ya rangi hauishii kuwa mbaya wa sura. Unasagika. Ile poda uliyoiona kidoleni kwenye mtungi wa manjano, mvua ya kwanza inaichukua, inaipeleka kwenye mfereji, na mifereji ya kisiwa hiki yote yaenda mahali pamoja. Tutakuwa tumeokota plastiki ufukweni, tumeisaga, tumeilipia, tumeikalia miaka mitano, kisha tumeirudisha baharini ikiwa vumbi ambalo hakuna mtu atakayeweza tena kuliokota. Samaki wa bahari yetu hawataona tofauti baina ya taka ya mvivu na taka ya mwenye nia njema.

Kwa hivyo ukienda kwa muuzaji, usitazame kile kipande kizuri kilichotundikwa ndani ya duka. Mwambie akukatie ncha ya ubao kwa msumeno, uone kama rangi imeingia hadi kati au ni ganda la juu tu. Muulize rangi ilitiwa na nini, na kama ina dawa ya kukinga jua. Halafu umwombe akuonyeshe ubao wa rangi hiyo hiyo uliokaa nje, juani, mwaka mzima, na uupitishe kidole. Kidole kikitoka kisafi, toa pesa. Akikwambia ubao wa namna hiyo hana, mwambie auweke nje leo, nawe utarudi mwakani.